Vidole Vitatu Ndani ya Mshono

Wapendwa, kabla sijasema lolote naomba kitu kimoja: msiniitikie amina. Nawajua, mtu akishika tu kipaza sauti hapa mbele amina zinaanza kumwagika. Leo zishikeni kidogo. Mara ya mwisho niliposimama hapa mlinipa amina nyingi ambazo hazikuwa zangu, na hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo.

Wengi mnanifahamu kama mama fundi, yule mwenye cherehani kwenye chumba cha mbele, barabara ya kushuka kutoka uwanja wa mbio za farasi hapahapa Turffontein, Johannesburg. Wageni, karibuni. Kwetu ni Uvira, Kongo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla sijawa fundi, na tangu utotoni nimekuwa mtu wa kuandika hadithi. Kina mama wa kwaya, naona mmekuja mmevaa, wote, kama nilivyowaomba kwa simu. Kitenge cha bluu chenye miavuli ya njano. Mmependeza kweli. Na najua mnawaza nini: mnawaza kitabu kimetoka. Nawaambia mapema ili moyo wangu utulie: kitabu hakijatoka. Kaeni tu, msiangaliane. Tutafika.

Nianzie mwaka 2015. Mwaka ule nilimaliza kuandika riwaya yangu. Niliiandika kwa mkono, madaftari manne makubwa, yale ya jalada gumu, kati ya mteja na mteja. Nilikuwa nikimaliza kupinda gauni naandika ukurasa mmoja, mteja akibisha hodi nafunga daftari na kulirudisha chini ya vitambaa. Jumamosi za mbio, kipaza sauti cha uwanjani kilikuwa kinapiga kelele mpaka chumbani kwangu, yule mtangazaji anazidi kuongeza kasi kadiri farasi wanavyokaribia mwisho, na mimi bila kujua nakanyaga cherehani kwa kasi yake. Nguo za Jumamosi zilikuwa na mishono ya haraka. Nisameheni wenye nguo hizo.

Riwaya ilihusu dada watatu wa Uvira wanaorithi cherehani moja. Moja tu, kwa watu watatu wanaogombana. Sikuwa nimemwonyesha mtu.

Siku moja akaja dada mmoja wa Kitanzania kupandisha pindo la sketi. Anafanya kazi kwenye ofisi ya kampuni ya kusafirisha mizigo kule Midrand. Amekaa pale nyuma na amenikataza nisimtaje, naona ameanza kujifunika uso kwa mtandio. Basi simtaji. Nikiwa natafuta uzi wa rangi ya sketi yake, akavuta daftari chini ya vitambaa akaanza kusoma. Nikamaliza pindo, nikapiga pasi, nikamwambia sketi tayari. Nikarudia. Akanyoosha mkono bila kuinua macho, kama mtu anayemzuia mtoto asimsumbue, akaendelea kusoma. Niliketi nikamwangalia mtu akisoma maneno yangu kwa mara ya kwanza.

Alipofunga daftari akasema, "Dada, hiki hakiwezi kulala chini ya matambara. Unahitaji wakala."

Nikamuuliza wakala ni nani. Akanieleza vizuri, na nitawaeleza kama alivyonieleza. Kijana akitaka kuoa haendi mwenyewe kugonga mlango wa wakwe. Anatuma mshenga, mtu anayejua njia, anayejua aseme nini na anyamaze wapi. Kitabu nacho ni hivyohivyo. Wachapishaji wakubwa hawapokei kitabu kinachojileta chenyewe, lazima kiwe na wakala wa kukisemea. Kwa hiyo kazi yetu haikuwa kutafuta mchapishaji. Ilikuwa kutafuta mshenga.

Sasa mcheke kidogo, maana hapa nilifanya kituko. Tuliambiwa mawakala wanataka sura tatu za mwanzo kwa Kiingereza. Tukatafsiri, tukachapa, kurasa arobaini. Na mimi, mtu niliyekaa nchi hii kwa makaratasi, nikajua moja kwa moja la kufanya. Nikazichukua kurasa zangu nikaenda kituo cha polisi kuzigongea muhuri. Mnacheka nini? Nani hapa ana karatasi isiyo na muhuri wa polisi? Cheti cha kuzaliwa, cha shule, cha ndoa, vyote tunavipeleka pale dirishani vithibitishwe. Mimi nilidhani kitabu nacho lazima.

Dirishani alikuwepo mama mmoja polisi, mnene, mpole. Akapindua kurasa, akauliza, "Mama, hii ni nini?"

Nikamwambia ni kitabu changu.

"Na mimi nathibitisha nini?"

"Kwamba nimekiandika mimi."

Akaniangalia kwa muda. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Akasema "eish", akavuta muhuri, akagonga kurasa zote arobaini, moja baada ya nyingine, na sahihi kila moja. Nilitoka pale nimenyooka kama mwanafunzi aliyepita mtihani. Dada wa Midrand alipoziona alicheka mpaka akakaa chini, lakini tukazipiga picha hivyohivyo na mihuri yake tukazituma kwa wakala wa kwanza. Hakujibu. Mpaka leo najiuliza alifikiri nini.

Wapendwa, zile Jumamosi za Midrand nazikumbuka kuliko sikukuu zote nilizowahi kula. Bosi wake alikuwa amemruhusu kutumia ofisi. Nilikuwa nafunga chumba asubuhi, napanda teksi mpaka mjini, nabadilisha nyingine mpaka kule, na mfuko wa magwinya ya moto, yale maandazi ya hapa, mapajani kwa sababu yeye anayapenda kuliko maandazi ya kwao. Dirisha la ofisi liliangalia barabara kuu, malori yanapita kwenda Pretoria. Tunachemsha chai, tunavua viatu, tunakaa kwenye kompyuta moja. Neno moja lilikuwa linaweza kutugombanisha nusu saa. Mimi nasema huyu dada wa kitabuni ana kiburi, yeye anasema hapana, ana maringo, na Kiingereza chake si kilekile. Majibu ya kukataliwa yakija, alikuwa anayasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Tunakushukuru kwa kutukumbuka, hata hivyo kazi hii haiendani na orodha yetu." Tunacheka, tunatia magwinya mdomoni, tunatafuta jina lingine. Mwaka ule na ule uliofuata tulikataliwa sana, lakini tulikuwa wawili. Laiti ningejua wakati ule kwamba nilikuwa na furaha.

Ila kukataliwa kuna namna yake ya kukuingia. Pole pole nikaanza kuangalia kitabu changu kwa jicho baya. Nikajiambia hawa watu, mtu akitoka Kongo, wanangoja vita. Katikati ya riwaya kulikuwa na sura ambayo nyumba ya kina dada inachomwa moto. Nikaing'oa pale ilipo, nikaipeleka mwanzo kabisa. Dada wa Midrand akasema, "Sijapenda." Nikamwambia mwalimu hapa ni nani. Basi akatafsiri.

Na kweli, mwaka 2017 wakala mmoja akajibu tofauti. Nilikuwa ndani ya teksi, tumesimama kwenye roboti, taa za barabarani zikiwa nyekundu, simu ikalia. Sentensi moja tu: tafadhali nitumie kitabu kizima. Basi. Hakusema nimekipenda, hakusema nimekuchukua. Alisema nitumie nisome. Nilipiga kelele mle ndani mpaka dereva akageuka. Nikampigia dada wa Midrand, yeye akampigia mama mchungaji, na mama mchungaji mnamjua, habari njema hailali kwake. Jumapili ile nikaitwa mbele.

Hapa ndipo nilipoanguka, na naomba msimlaumu mtu mwingine. Sisi kanisani kwetu tunashukuru mapema. Mtu anatoa ushuhuda wa makaratasi kabla hajayapata, wa mtoto kabla hajashika mimba. Sina ugomvi na hilo. Ningeweza kusimama hapa nikasema: kuna wakala ameomba kusoma, tuombe. Hilo lingekuwa kweli, na lingetosha. Lakini niliwaona mlivyonikazia macho. Niliwaona watu wenye shida zao, wanaotaka kusikia kwamba mmoja wetu amefika mahali. Na mimi mwenyewe nilitaka sana kuwa huyo mmoja. Nikafungua mdomo nikasema, "Nimepata wakala."

Mnakumbuka nyie mlivyofanya. Kwaya ilianza kabla sijashusha mkono. Mkatoa poda mikobani, mkanimwagia kichwani na shingoni, kama kwetu tunavyomwagia watoto waliofaulu mtihani wa taifa. Nilirudi nyumbani mweupe kama kinu cha unga, nikajiangalia kwenye kioo, nikacheka, na ndani ya kicheko kulikuwa na kitu kinanikwaruza. Nikakifunika. Nikajiambia atakubali, na akikubali itakuwa nilisema kweli.

Wiki iliyofuata mkaja na kitenge. Miavuli ya njano. Mkasema siku ya kuzindua kitabu kwaya itavaa sare, na fundi si tunaye? Magauni kumi na tisa. Mnaelewa nilipokuwa? Nilipewa kazi ya kushona nguo za sherehe yangu mwenyewe, ya jambo ambalo halijatokea.

Nikaanza. Nilikuwa nashona la tisa wakala alipojibu. Aliandika vizuri, kwa heshima. Alisema amekisoma chote, lakini hakukipenda kiasi cha kukipigania. Nilisoma mara tatu. Nje mtangazaji wa farasi alikuwa anapiga kelele zake. Nikaweka simu kifudifudi, nikavuta kitenge, nikakata gauni la kumi.

Sikumwambia mtu. Hata dada wa Midrand sikumwambia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alikuwa ananitumia ujumbe, wakala amesemaje, namjibu anaendelea. Mkawa mnaniuliza lini, nasema amesafiri. Lini, amerudi lakini anaumwa. Mpaka mama mmoja mwenye moyo safi akaniuliza jina lake, ili kikundi cha maombi kimfungie siku tatu apone. Nikatunga jina. Kutunga si ndiyo kazi yangu? Nikampa na jina la ukoo. Ndugu zangu, kuna watu humu ndani walikaa siku tatu bila kula wakimuombea mtu ambaye hakuzaliwa. Nawaangalia usoni na nawaomba msamaha. Njaa ile mliyoshinda nayo ilikuwa juu yangu.

Nikaanza kukaa karibu na mlango. Ibada ikiisha naondoka kabla ya salamu. Daftari sikugusa tena. Zile Jumamosi za Midrand nikaziacha, nikasema kazi zimezidi. Mwishowe nikapakia cherehani nikahamia Diepsloot, upande mwingine wa jiji, kwa jamaa yangu mwenye spaza, duka dogo la mtaani, nikawa nashona kwenye kona yake nyuma ya magunia ya unga wa mahindi. Mliambiwa nimefuata wateja. Nilikimbia tu. Miezi saba nimekaa kule, hakuna aliyenijua kama mwandishi, hakuna aliyeniuliza kitabu. Nilikuwa napandisha zipu za watu na kulala. Nilidhani huo ndio utulivu. Kumbe nilikuwa nimekufa nikiwa natembea.

Mwaka 2018 nikapigiwa simu. Mama yetu wa sauti ya pili, yule mama wa Kirundi aliyekuwa anakaa pembeni ya dirisha lile, nyote mnajua kiti chake, alikuwa mgonjwa hainuki kitandani, na alikuwa anamtaka fundi. Si muuguzi, si mchungaji. Fundi. Nikaja na mkoba wangu wa sindano nikidhani anataka nguo ipunguzwe, maana nilisikia amekonda.

Nilimkuta kitandani, mchana, pazia limefunguliwa. Ukutani gauni la miavuli limetundikwa kwenye hanga. Akaniambia nikae. Tukaulizana hali. Kisha akasema, "Mwalimu, lete hilo gauni."

Nikalileta. Akaligeuza nje ndani, taratibu, akalishika pale kwenye mshono wa ubavuni.

"Unajua marehemu mume wangu alikuwa fundi Bujumbura," akasema. "Miaka thelathini nimekaa na fundi."

Nikasema najua, mama.

"Jirani yangu hapa na yeye ni mwanakwaya. Juzi alikuja kunitazama, nikamwomba anionyeshe lake. Lake, fundi ameacha kidole kimoja cha kitambaa ndani ya mshono. Hapa kwangu ameacha vidole vitatu. Kila upande. Sare moja, fundi mmoja, mwezi mmoja." Akaniangalia. "Fundi anayeshona nguo ya mwezi ujao anaacha kidole kimoja. Anayeacha vitatu anajua watu watanenepa, watakonda, watazaa, na nguo bado itakuwa inangoja. Kati ya gauni la jirani na langu, mwanangu, nini kilikupata?"

Naona kuna kina mama wameanza kujipekua mbavuni. Subirini, mtapima nyumbani. Ndiyo, tisa za kwanza zina kidole kimoja, na ndiyo maana wengine mlipokuja kupanuliwa nguo niliwaambia kitambaa cha ndani hakitoshi, na wengine nikawapanulia bila shida. Si upendeleo. Nawaapia sikukaa nikapanga. Kichwa changu kilikuwa kinawadanganya watu, na mikono yangu ikawa inashona ukweli.

Nilimwambia yote. Nililia vibaya, kilio cha kamasi. Alinisubiri. Nilipomaliza nilingoja anikemee, akasema tu, "Kwa hiyo hakuna wakala."

"Hakuna."

"Na kitabu, kipo?"

Nikasema kipo.

"Basi nisomee. Nimeshonewa nguo ya kitabu ambacho sikijui."

Ndivyo nilivyorudi Turffontein. Kila mchana nilikuwa nakwenda na daftari, nasoma kwa Kiswahili kama nilivyoandika. Nilianza na ile sura ya moto. Akanisimamisha kabla sijamaliza ukurasa wa tatu. "Kwa nini unanipokea na moto? Moto naujua. Hao wasichana siwajui bado, watakachochomewa siwezi kukilia." Kisha akauliza, "Na mbona hakuna anayecheka? Sisi tulikuwa tunavuka mpaka kuja sokoni Uvira, na watu wa Uvira walikuwa wanacheka mpaka unasahau ulichokuja kununua."

Nikamwambia kuna sura nyingine, ya siku cherehani ilipoletwa nyumbani. Majirani wote wanakuja kuiona, bibi mmoja anaimwagia poda kama mtoto aliyefaulu. Nikamsomea. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka binti yake akaja mbio. Akasema, "Hapo. Anzia hapo. Huo moto urudishe ulipokuwa."

Maskini dada wa Midrand. Aliniambia hivyohivyo miaka miwili kabla, nikamuuliza mwalimu ni nani.

Ilibidi nimwambie na yeye. Nilimpigia simu nikamweleza, wakala alikataa zamani, nimekudanganya mwaka na zaidi. Hakugomba. Alikata simu. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nilikuwa naangalia simu mpaka macho yanauma. Nilishapoteza wakala asiyekuwepo, hilo lilivumilika. Huyu alikuwepo, na nilikuwa nimempoteza kwa mdomo wangu. Ijumaa ya wiki ya tatu ukaingia ujumbe, maneno matatu: "Kesho lete magwinya." Nilipofika hakunikumbatia. Alisema, "Ukinidanganya tena nitakupeleka kwa yule polisi wako akugonge muhuri." Tukavua viatu, tukaanza upya ukurasa wa kwanza.

Mama yetu alisikia kitabu chote mpaka neno la mwisho. Hilo nalishukuru kila siku. Alituacha mwanzoni mwa mwaka huu, tulimzika wote pamoja. Baadhi yenu mliuliza kwa nini hakuzikwa na sare ya kwaya. Alikataa mwenyewe. Aliniambia, "Nguo ya furaha haiendi chini. Chukua wewe. Wewe fundi uliwashonea wote, ukajisahau." Sikuwa nimejisahau. Nilikuwa naona aibu.

Mwezi wa sita, kitabu kikiwa kimeanza na cherehani, tukamwandikia wakala mwingine, mama mmoja wa hapahapa Johannesburg. Safari hii barua niliiandika mimi. Nilimwambia mimi ni fundi, nimekataliwa mara nyingi, niliwahi kuwadanganya watu wangu kwamba nimepata wakala, na kuna magauni kumi na tisa yaliyoshonwa kwa ajili ya kitabu hiki, yanangoja. Dada wa Midrand alisema toa hiyo ya magauni, utaonekana kichaa. Nikasema nimechoka kuonekana.

Akaomba kitabu kizima. Mara hii sikumwambia mtu. Mama mchungaji, nilikuwa nakukwepa makusudi. Mwezi ukapita, akaniita tukutane mgahawani. Alinikuta nimefika saa nzima mapema. Akakaa, akaagiza chai, akauliza jambo la kwanza kabisa, "Nani alikushauri uanze na siku cherehani ilipofika?"

Nikamwambia, mama mmoja aliyekuwa mgonjwa.

Akasema, "Na yale magauni, ni kweli?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama sana. Kisha akasema anataka kukisemea kitabu changu. Nilimwomba arudie, na aliporudia nilimwomba aandike.

Ameandika. Mkataba wenyewe uko nyumbani kwangu, chini ya vitambaa, pale pale. Lakini najua mimi na nyinyi tulipofikia, na neno langu peke yake halistahili mliamini. Kwa hiyo juzi nilikwenda kituo cha polisi. Yule mama bado yupo dirishani, amezeeka kidogo. Nikampa nakala na mkataba halisi. Akasoma, akaniangalia, akasema, "Wewe ni yule wa kitabu?" Akagonga muhuri kwa nguvu, meza ikatikisika. Hii hapa. Naomba ianzie safu ya mbele, izunguke, kila mmoja aishike. Jina la wakala lipo. Huyu amezaliwa. Nimekunywa naye chai.

Sasa niwaambie kilichobaki, na nitakisema polepole ili nisije nikakikuza. Nina wakala. Sina mchapishaji. Mshenga ametoka, hajarudi na jibu. Anaweza kukaa miezi, anaweza kukaa miaka, anaweza kurudi mikono mitupu. Nikisikia lolote nitasimama hapa niwaambie lilivyo, hata kama ni la kukataliwa, na mtanisaidia kulibeba.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia nikiwa Diepsloot nyuma ya magunia. Namshukuru dada yangu wa Midrand, na simtaji, ila mkiona mtu analia nyuma pale mmpe leso. Mchungaji na mama, asanteni kwamba nilipokuja kuwaungamia mwezi jana hamkunifukuza. Na kina mama, asanteni kwa kuhifadhi hizi nguo miaka miwili bila kuzivaa hata harusini. Kama kuna jambo la kuwaachia, hasa nyie vijana mnaotafuta chuo, kazi, makaratasi, ni hili dogo: umeombwa ulete, sema umeombwa ulete. Hawa watu wanaweza kungoja na wewe. Mimi niliwanyima hiyo nafasi, nikangoja peke yangu, na nilikaribia kufa.

Mtaniuliza mbona nimesimama mbele yenu nimejifunika shuka la baridi na kanisani kuna joto. Ngojeni nilivue. Ndiyo, ni lile gauni la mama yetu. Alikuwa mkubwa kuliko mimi, nimelipunguza jana mchana, mtangazaji wa farasi akiwa anapiga kelele. Lakini sikukata kitu. Vile vidole vitatu viko humu ndani, na vyangu viwili juu yake, jumla vitano kila upande, njooni mpapase. Siku kitabu kitakapofika hapa ndipo nitachukua mkasi.

Sasa, kama mnaona inanifaa, nipeni ile amina.